Chai Kwenye Udongo

Wateja wake walimwita Redio, kwa sababu alianza kusema mara tu akikufunga kitambaa shingoni, na hakunyamaza mpaka amekupaka spiriti kisogoni. Mpira, ndoa za watu, ugonjwa wa kuku, mvua itanyesha lini, yote aliyajua au alijifanya kuyajua. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa nne, kimebanwa kati ya duka la fotokopi na mlango wa ngazi. Yeye mwenyewe aliishi ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo, na watu walimtania kwamba safari ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri ni zile ngazi.

Lakini akishazipanda na kufungua mlango wake, Redio ilizimwa. Ndani mlikuwa na mama mkwe.

Bibi huyo alihamia kwao baada ya kuanguka nyumbani kwake na kulala sakafuni kutwa nzima mpaka jirani alipomsikia. Nyonga haikupona sawasawa, na hospitali walipoendelea kumpima wakakuta moyo nao umechoka. Ulikuwa unasukuma damu kivivu, maji yakawa yanabaki mwilini, yanajaa miguuni na yanapanda kifuani. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, mke wa Redio, naye alikuwa mlinzi wa getini kwenye kiwanda cha rangi. Kazi hiyo ilimtoa nyumbani alfajiri na kumrudisha giza limeshaingia. Kwa hiyo asubuhi mke alimwogesha mama yake, akampeleka chooni, akamvalisha na kumkalisha kwenye kiti cha dirishani. Jioni akamtoa hapo. Katikati ya hayo mawili, aliyebaki ni mkwe.

Hawakuwa na ugomvi wowote. Shida yao ilikuwa kinyume cha ugomvi. Redio alimheshimu mama mkwe kwa namna alivyofundishwa tangu utotoni kwamba mkwe huheshimiwa: hakumtazama usoni, hakukalia kiti alichokalia yeye, alibisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Mama mkwe naye, akisikia viatu ngazini, alivuta mtandio kichwani hata siku zile joto lilipokuwa la kuchemsha yai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kazi zinakwendaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

Basi. Mazungumzo yalikuwa yameisha. Redio alimmiminia chai kutoka kwenye chupa, akaweka vidonge vyake kwenye kisahani, kimoja cheupe na viwili vya rangi ya waridi, akasimama kidogo kama mhudumu wa hoteli, kisha akashuka kwenda kunyoa. Alirudi mchana akakuta kikombe kitupu na kisahani kitupu. Akampa uji, akaweka vidonge vya mchana, akashuka tena. Mtu aliyekuwa anaweza kumwongelesha mteja mpaka mteja akasahau ndevu zake, huku juu alihesabu maneno kama anayekatwa kwenye mshahara.

Pembeni ya kile kiti cha dirishani, karibu na mkono wa kuume wa mama mkwe, ulikaa mmea wake. Ulikuwa ule wa misituni wenye majani mapana yaliyotoboka-toboka, kama mtu ameyakatakata kwa mkasi akiwa na hasira. Mama mkwe alikuwa karani wa posta maisha yake yote ya kazi, na mmea huo ulikaa kando ya dirisha lake la stempu. Alipostaafu, wenzake walimwuliza anataka zawadi gani ya kumuaga, akawaambia hataki saa wala sufuria, anataka mmea wake. Ulipoingia kwa Redio ulikuwa umefika kifuani kwa mtu mzima, na majani yake yalikuwa yanang'aa kama viatu vya askari.

Ulianza kuugua polepole. Kwanza jani la chini likawa la manjano, na hakuna aliyeshtuka, majani huzeeka. Halafu likafuata la juu yake. Halafu kingo zikawa za kahawia, laini, za kunyevuka, na vinzi vyeusi vidogo kama vumbi vikaanza kuzunguka chungu. Mke wa Redio alivipulizia dawa ya mbu. Vilikufa, kesho yake vikawa vimerudi na jamaa zao.

"Utupe," mke alisema jioni moja huku akifungua kamba za buti. "Mama, tutakununulia mwingine."

Mama mkwe aliutazama ule mmea, kisha akatazama nje, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama ila ukuta wa jengo la pili na nguo za watu.

Redio aliona ule uso, ingawa kwa kawaida alikuwa hautazami, akakata shauri kwamba mmea hautatupwa. Kwa mama mkwe hapakuwa na kitu alichoweza kukifanya. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka ngozi inametameta, na Redio hakuwa mtu wa kuikanda. Kliniki walimwongezea dawa, na miguu haikupungua. Daktari akafungua faili, akafunga faili, akaongeza tena. "Kwa dozi hii," alisema, "hata ng'ombe angekauka." Mke akarudi nyumbani akilia barabarani ndani ya sare yake. Redio angefanya nini? Mmea, walau, haukuwa mkwe wake.

Akaanza kuuhudumia. Alipanda ngazi na kitambaa cha kunyolea kilichooshwa, akafuta jani moja moja, juu na chini. Aliusogeza karibu zaidi na kioo, na majani yalipozidi kugeuka manjano akaurudisha nyuma, akidhani ni jua. Aliacha kuumwagilia kabisa, maana vidole vyake vilimwambia udongo umelowa. Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Siku zilipita bila yeye kuutia hata tone, na udongo ulibaki umelowa. Na ulinuka. Harufu yenyewe haikuwa ya matope tu. Ilikuwa na utamu fulani uliochacha, kama kikombe kilichosahauliwa chini ya kitanda.

"Mama, umewahi kuona haya huko posta?" aliuliza siku moja, na lilikuwa swali refu kuliko yote aliyowahi kumwuliza.

"Umezeeka tu, baba," alijibu haraka. "Uache upumzike."

Hakuuacha. Kulikuwa na muuza maua kwenye mzunguko wa barabara, mwanamume mmoja aliyepanga miche yake kwenye makopo ya rangi na kuilinda kwa fimbo dhidi ya mbuzi. Redio alimpelekea jani moja limefungwa kwenye gazeti. Muuza maua alilifungua, akalinusa, akakunja uso.

"Huu mnaunywesha pombe?"

"Hata maji siuwekei."

"Basi kuna mtu anauwekea. Mizizi imeoza. Sikiliza, kinyozi. Usiufute tena majani, huo si mteja. Utoe wote kwenye chungu, mwaga udongo, tazama mizizi. Iliyo myeusi kata. Na kama yote ni myeusi, panda juu kwenye shina, tafuta pale penye fundo na kile kimzizi kinachoning'inia hewani, kata chini yake, weka kwenye chupa ya maji. Ukibahatika utapata mtoto wake. Mama mtu umsahau."

Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko kibandani, ila mke alikuwa zamu. Redio alitandika magazeti sakafuni, mbele ya kiti cha mama mkwe, akaleta wembe mpya na mkasi wake wa kazi.

"Unafanya nini?" mama mkwe aliuliza.

"Naubadilishia udongo, mama."

"Leo? Ngoja mwanangu arudi."

"Ni kazi ndogo."

"Baba, ungeuacha."

Sauti yake ilikuwa ya juu kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtandio ulimteleza asiurekebishe. Redio alidhani anauonea uchungu mmea. Akakiinamisha chungu, akagonga pembeni kwa kiganja, na donge zima likatoka na kupasuka juu ya gazeti kwa mlio wa tope.

Mizizi ilikuwa myeusi, inachunika kama ngozi ya ndizi mbovu. Katikati yake palikuwa na vitu vidogo, vyeupe na vya waridi iliyofifia. Mwanzoni alidhani ni mayai ya wadudu. Akaokota kimoja, kikamvunjikia vidoleni, unga wenye rangi ya waridi. Akaokota kingine. Hicho kilikuwa bado kizima, kimevimba, na ule mstari wa katikati wa kukivunjia ulikuwa unaonekana. Vilikuwa vingi. Vingine vilikuwa juujuu, vya juzi na jana, vingine vimesukumwa kwa kidole mpaka chini kabisa, vimegeuka uji. Na udongo wote ulinuka chai ya maziwa.

Redio alibaki amechuchumaa. Alisikia mtoto wa jirani akikimbia kwenye korido, akasikia mlango ukifungwa.

"Usimwambie mwanangu," mama mkwe alisema.

"Mama." Hakujua aanzie wapi. "Mama, kwa nini?"

"Keti."

"Niko sawa hapa."

"Keti, baba. Siwezi kulisema hili huku umenichuchumalia kama mtu wa kusafisha viatu."

Akaketi sakafuni, kando ya gazeti. Mama mkwe alikunja mikono mapajani na kutazama dirishani, na alipoanza kusema alitumia sauti ya ukarani, sauti ya mtu anayekueleza kwamba kifurushi chako kimepotea.

"Kile cheupe kinaniita chooni. Nikikimeza asubuhi, chai haijapoa kimeshaniita. Na hakiiti mara moja. Kinaita, kinaita. Mwanangu yuko getini kwa watu. Aliyepo ni wewe."

"Na mimi sijawahi kukataa."

"Ndiyo. Hujawahi."

Wote wawili walikuwa wanaiona tena siku moja. Ilikuwa mwanzoni, wiki za kwanza kabisa, alipomwita kwa sauti ndogo, na Redio akaja akakuta ameshachelewa, kiti kimelowa na sakafu imelowa. Alimbeba mpaka chooni. Alimwachia taulo na nguo safi mlangoni, akapiga deki, akaanika mto wa kiti. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Kwa hesabu zake, jambo lilikuwa limekwisha kiungwana.

"Ulifumba macho," mama mkwe alisema. "Ulinibeba umefumba macho, ukanigonga bega kwenye mlango kwa sababu huoni unakokwenda. Halafu ukasimama nje ukaanza kuimba, ili nijue husikii. Uliimba vibaya sana. Kila ulichofanya kilikuwa cha adabu, baba, sina la kukulaumu. Mimi ndiye niliyeshindwa. Marehemu mume wangu mwenyewe, miaka yote ile, hakuwahi kunisikia nikiwa chooni. Nilikuwa nafungua bomba."

"Lakini mama, bila dawa utakufa."

"Nitakufa na nguo kavu."

Redio akauliza kitu kidogo, kwa sababu kikubwa kilimshinda.

"Na chai?"

"Chai ni maji, sivyo? Nalowesha ulimi, nyingine namwaga. Uji nao. Mmea ulikuwa karibu na mkono." Aliushusha uso kwenye lile rundo jeusi juu ya gazeti. "Niliuomba radhi. Kila siku niliumwagia nikauomba radhi."

Redio alifanya alichoambiwa na muuza maua, maana mikono ilihitaji kazi. Mizizi yote ilikuwa imekwisha, akapanda juu kwenye shina. Shina nalo lilikuwa laini mpaka katikati, linatoa ute. Karibu na kilele tu alipata fundo gumu lenye kimzizi cha hewani, na jani moja juu yake ambalo lilikuwa limekuwa manjano nusu. Akakata chini ya fundo kwa wembe, akaliosha, akalisimamisha kwenye chupa ya jemu iliyojaa maji. Mengine yote aliyafunga na gazeti lake, pamoja na vidonge, akateremka kuyatupa kwenye pipa la taka. Hakumwambia mkewe.

Alichofanya ni kugonga mlango wa mkabala. Hapo aliishi mama mmoja mjane aliyeshona sare za shule nyumbani, mwanamke mwenye sauti ya kuuza samaki na moyo usio na kinyongo. Redio alimweleza nusu ya habari, ile inayoelezeka. Jirani akamkatiza katikati.

"Kwa nini hukusema tangu zamani? Wanaume nyinyi! Mtu mzima anakaa na mkojo kutwa nzima mkamwita mgonjwa wa moyo!"

Kuanzia hapo jirani alikuwa anavuka korido asubuhi baada ya Redio kupeleka vidonge, na tena mchana. Mama mkwe alikataa siku ya kwanza, siku ya pili akanuna, siku ya tatu Redio akiwa ngazini alisikia wanawake wawili wanacheka nyuma ya mlango wa choo, akateremka kwa kunyata ili wasimsikie.

Miguu ya mama mkwe ilipungua. Ndala zikamwingia tena. Mke wa Redio aliizungushia vidole vyake vifundoni kila jioni, haamini. "Ile dozi mpya imeshika," alisema, "nilijua tu itashika." Redio alikubali kwa kichwa. Kwenye chupa ya jemu kile kimzizi kilikuwa kimetoa ncha nyeupe, na mama mkwe alikisogeza juani na kivulini yeye mwenyewe, akiwaamuru kubadilisha maji kama yuko ofisini.

Kisha binti wa jirani akajifungua katika mji mwingine, na jirani akafunga mashine yake ya kushona akaenda kumwuguza mzazi.

"Nitatafuta mtu mwingine," Redio alimwambia mama mkwe.

"Usihangaike, baba. Ni siku chache. Nitajizuia mpaka mwanangu arudi."

Alitafuta kweli. Aliuliza wateja, aliuliza duka la fotokopi. Mmoja alikuwa na mpwa, mpwa hakuja. Asubuhi alipeleka vidonge kama kawaida, akasimama kama kawaida. Mama mkwe alivichukua kwenye kisahani, akapeleka mkono mdomoni, na mkono uliposhuka Redio aliona ngumi imefumba, na ngumi ikapotea chini ya mto wa kiti. Aliona waziwazi, kama unavyomwona mtu mbele yako kwenye kioo cha kinyozi. Mama mkwe naye alijua ameonwa. Alimtazama.

Redio akainamisha macho. Akachukua kikombe, akateremka.

Alifanya hivyo na kesho yake. Jioni mke alirudi amechoka, anaongelea mkuu wa zamu aliyewanyima viti, na Redio aliweka maneno tayari kinywani zaidi ya mara moja. Alijiambia jirani anarudi kesho. Alijiambia kwamba mama mkwe alimwomba asiseme. Alijiambia mengi, jina lake halikuwa Redio bure.

Alipopanda mchana mmoja hakusikia "Karibu" baada ya hodi. Mama mkwe alikuwa ameinamia mbele kwenye kiti, mikono imeshika magoti, anavuta pumzi kwa mlio kama wa birika, na midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Redio alimbeba. Safari hii hakufumba macho. Alimtazama usoni ngazi zote za ghorofa tatu, akimwita mama, mama, na mteja aliyekuwa anasubiri kibandani akakimbilia barabarani kusimamisha gari.

Hospitali walimwekea mpira wa hewa na mpira wa mkojo. Daktari alimwambia mke kwamba mapafu yamejaa maji, kisha akauliza, bila ubaya, anajaza fomu tu, "Dawa alikuwa anameza vizuri?"

"Vizuri kabisa," mke alijibu. "Mume wangu ndiye anayempa, kwa mkono wake."

Daktari akamgeukia Redio. Redio akatazama mikono yake.

Mama mkwe hakurudi nyumbani. Alikaa wodini siku kadhaa, haongei, na alfajiri moja mke alipofika na sare yake kumjulia hali kabla ya kwenda zamu akakuta kitanda kimeshatandikwa.

Nyumba ikajaa watu. Jirani alirudi na mkoba wake mkononi, akalia kwenye korido kabla hajafungua kwake. Wanawake waliotandika mikeka walikiondoa kile kiti cha dirishani, wakakisukumia roshani. Watu walipoondoka, mke alikwenda kukifuta ili amgawie mtu mwenye shida. Akanyanyua mto.

Redio alimkuta mezani. Vidonge alikuwa amevipanga mbele yake, vyeupe upande mmoja, vya waridi upande wa pili.

"Hivi unavijua?"

"Navijua."

"Ulijua hamezi?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, udongo, chai, jirani, ngumi chini ya mto. Alisema taratibu, kwa mpangilio mbaya, akirudi nyuma na kusahihisha. Alipomaliza, mke alikusanya vidonge kwenye kiganja, akaenda kuvimwaga chooni, akavuta maji. Kisha akahamishia nguo zake chumba cha mama yake.

Muda mrefu ukapita hivyo. Waliongea ya lazima tu: gesi imekwisha, fundi bomba amekuja. Mke aliondoka alfajiri na kurudi gizani. Mche kwenye chupa ya jemu ulikuwa na mizizi ya kutosha, na Redio aliupanda kwenye kopo kwa udongo mkavu wenye changarawe, kama alivyoelekezwa na muuza maua. Ulitoa jani jipya, dogo, lisilo na tundu hata moja. Aliupeleka kibandani ukae juu ya kabati la mafuta ya nywele, maana juu hakukuwa na mtu aliyeutazama. Wateja waliuliza ni mmea gani. Alijibu ni wa marehemu mama mkwe, akaendelea kunyoa, na mashine ndiyo iliyosikika. Kijana mmoja alimtania, "Redio, leo betri imekufa?" Mzee aliyekuwa anasubiri akamkanyaga mguu.

Siku moja ya mapumziko mke alikuwa anapiga pasi sare zake mezani, na Redio alikuwa anapita kwenda jikoni.

"Nieleze tena," mke alisema, bila kuinua uso. "Pale aliposema atakufa na nguo kavu. Alisema hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

"Alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa kama yuko dirishani posta."

Mke aligeuza shati, akaanza mkono wa pili. Aliupiga pasi mpaka ukanyooka, akaendelea kuupiga ukiwa umeshanyooka.

"Aliniambia mimi," alisema. "Mwanzoni kabisa. Nilikuwa nafunga mkanda, nachelewa gari la kiwandani. Akanishika mkono, akasema, nitafutie mwanamke wa kukaa na mimi mchana. Nikamwambia, mkweo yupo, mama, mkweo si mtu baki. Nikacheka. Akasema haya. Hakusema tena."

Redio alisimama mlangoni. Kwa mazoea yake ya zamani angepata kitu cha kusema, neno lolote la kufunikia. Sasa alivuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza, na mke hakumwambia aondoke. Jioni hiyo walikula hapohapo, kati ya mashati. Katika chumba cha mama yake mke aliendelea kulala mpaka mvua zilipoanza, na aliporudi chumbani kwao hakueleza, wala Redio hakuuliza.